Dhati na Umbo: Historia ya Istilahi za Ekaristi na Miujiza Yake

Mfasiri mmoja aliyekuwa akitafsiri kitabu cha historia ya Ulaya kwa ajili ya shule za sekondari alituletea ofisini sentensi moja iliyomshinda. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, nayo ilihusu Mtaguso wa Nne wa Laterano uliofanyika Roma mwaka 1215. Katika rasimu yake alikuwa ameandika kwamba mtaguso huo uliwafundisha Wakristo kuwa "mkate hugeuka nyama". Kurasa chache mbele, alipofikia habari za mji wa Bolsena, ambako yasimuliwa kuwa hostia ilitoka damu mikononi mwa padri, alitumia maneno yale yale: mkate uligeuka nyama. Msomaji wa kwanza wa rasimu hiyo, mwalimu ambaye ni mwumini wa Kanisa Katoliki, aliikasirikia sentensi ya kwanza na kusema kuwa ni dhihaka. Msomaji wa pili, asiye Mkatoliki, hakuona kosa lolote. Mfasiri akabaki katikati, akauliza kosa liko wapi.

Kosa lilikuwapo, wala halikuwa la mfasiri peke yake. Mambo mawili yaliyo mbali sana yalikuwa yamefungwa katika kitenzi kimoja. Na katika historia ya Ulaya kufungamana huko kumewahi kugharimu maisha ya watu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mambo hayo mawili yalivyotengwa, kwa kuwa istilahi haiwezi kusanifiwa kabla dhana yake haijafahamika. Hayakusudii kuhukumu imani ya mtu yeyote.

Jina Ekaristi ni la Kiyunani, na maana yake ni shukrani. Wakristo wote wanakubaliana kwamba Yesu, usiku wa kuamkia mateso yake, aliutwaa mkate akauita mwili wake, akatwaa kikombe akakiita damu yake. Kwa karne nyingi maneno hayo yalirudiwa ibadani pasipo kuhitaji istilahi ya kuyafafanua. Haja ya istilahi ilizuka pale watu wawili walipotumia neno moja kwa maana mbili.

Jambo hilo lilitokea katika monasteri ya Corbie, kaskazini mwa Ufaransa, katika karne ya 9. Mtawa Paschasius Radbertus aliandika kitabu, kati ya mwaka 831 na 833, akishikilia kwamba mwili ulio altareni ndio ule ule uliozaliwa na Maria na kuteswa msalabani, nao umo kwa kweli. Mfalme Charles, aliyepewa lakabu ya Mwenye Upara, alipolitaka jambo hilo lielezwe, mtawa mwingine wa nyumba ile ile, jina lake Ratramnus, alijibu kuwa mwili huo haumo kwa kweli bali kwa mfano. Ukisoma haraka utadhani kuwa mmoja anaamini na mwingine anakana. Lakini Ratramnus alikuwa amekwisha kueleza kwamba neno la Kilatini "veritas", yaani kweli, yeye analitumia kwa kitu kinachoonekana wazi kwa macho. Na kwa kuwa macho hayaoni mwili, basi haumo kwa maana hiyo. Radbertus, kwa upande wake, alilitumia neno hilo hilo kwa kitu kilichopo hasa, kionekane kisionekane. Watawa wawili wa nyumba moja walibishana juu ya neno moja, na kila mmoja alikuwa na fasili yake mfukoni. Sisi tunaokaa katika kamati za istilahi tunaijua hali hiyo.

Radbertus ndiye aliyeingiza miujiza katika hoja. Ndani ya kitabu chake alisimulia habari za watu waliokuwa na shaka, nao wakaonyeshwa nyama au mtoto mahali pa mkate. Kwake yeye masimulizi hayo yalikuwa ushahidi: kilichomo kila siku kwa siri, siku hiyo kilifunuliwa. Hapo ndipo mambo yale mawili yalipofungwa pamoja kwa mara ya kwanza kwa uwazi.

Karne ya 11 ilileta ugomvi mkubwa zaidi. Berengar wa Tours alifundisha kwamba mkate hubaki mkate, na kwamba mwili wa Kristo umo kwa ishara na kwa nguvu ya kiroho. Mwaka 1059 aliletwa mbele ya mtaguso mjini Roma na kulazimishwa kula kiapo, kilichoandikwa na Kardinali Humbert, kwamba mwili wa Kristo hushikwa na mikono ya mapadri na kutafunwa na meno ya waumini, si katika sakramenti tu bali hata kwa hisi za mwili. Kiapo hicho kiliwatia aibu hata wapinzani wa Berengar. Miaka 20 baadaye, mwaka 1079, aliapishwa tena, na safari hii maneno yalikuwa mengine. Habari ya meno haikutajwa. Palisemwa kwamba mkate na divai hubadilishwa kwa "substantia" yake. Baina ya viapo hivyo viwili lugha ya Kanisa la Magharibi ilikuwa imekomaa: ilikuwa imepata neno la kutaja kile kinachobadilika, na kwa hiyo iliweza kukiri kwamba kuna kitu kingine kisichobadilika.

Kutokana na neno hilo, wanazuoni wa karne ya 12 waliunda nomino "transubstantiatio", na Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ukakitumia kitenzi chake katika ungamo la imani. Vitabu vyetu vya shule hupenda kusema kwamba neno hili lilitokana na falsafa ya Aristotle. Si sahihi sana. Neno lilikuwapo kabla vitabu vya Aristotle vya fizikia na metafizikia havijaenea katika vyuo vya Ulaya. Ufafanuzi wa Kiaristotle ulifuata baadaye, hasa katika kazi za Thomas wa Akwino. Mara nyingi istilahi hutangulia nadharia yake.

Ufafanuzi wenyewe ni huu. Kila kitu kina dhati, yaani kile kinachokifanya kiwe kitu hicho na si kingine, na kina sifa zinazopokelewa na hisi: rangi, ladha, uzito, umbo. Kwa kawaida sifa hubadilika na dhati hubaki. Embe bichi huiva, likawa jekundu na tamu, nalo ni embe lile lile. Katika Ekaristi, kwa mujibu wa mafundisho ya Kikatoliki, kinyume chake hutokea: sifa zote hubaki na dhati hubadilika. Ukiionja hostia utaonja mkate, ukiipima utapima mkate.

Sasa na tukitazame kitenzi chetu "kugeuka". Katika hadithi tulizosimuliwa utotoni, mtu hugeuka simba, au nyoka hugeuka kijana mzuri akaenda kuposa. Katika hadithi hizo kinachobadilika ni umbo. Aliye ndani ni yule yule, na utamu wa hadithi ni kwamba msikilizaji anajua hivyo na bibi harusi hajui. Kwa hiyo Mswahili akisikia kwamba mkate umegeuka mwili, kitenzi chenyewe kinamwelekeza kutazamia umbo jipya na kudhani kwamba aliye ndani ni yule wa zamani. Kinamwelekeza mahali ambapo mafundisho hayaendi hata kidogo. Nalo neno "nyama" huongeza ugumu, kwa kuwa kwetu nyama ni ya buchani na ya chunguni. Walatini katika fundisho hili walisema "corpus", mwili.

Tukiisha kuelewa hivyo, habari ya Bolsena itaonekana kwa sura nyingine. Mapokeo yasema kwamba mwaka 1263 padri mmoja kutoka Bohemia, aliyekuwa na shaka juu ya uwepo wa Kristo katika hostia, alikuwa akiadhimisha Misa Bolsena aliko kaburi la Mtakatifu Kristina, na damu ikatiririka juu ya kitambaa cha altare kiitwacho korporale. Kitambaa hicho kilipelekwa Orvieto, alikokuwa akikaa Papa Urbano IV, na hata leo kinahifadhiwa katika kanisa kuu la mji huo, lililoanza kujengwa mwaka 1290. Raphael alilichora tukio hilo katika kuta za Vatikano mnamo mwaka 1512.

Mwaka 1264 Urbano IV aliitangaza sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa lote, na watu wengi husema kwamba alifanya hivyo kwa sababu ya mwujiza wa Bolsena. Lakini hati yake ya kuitangaza sikukuu haiutaji mwujiza huo. Sikukuu yenyewe ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1246 katika jimbo la Liège, nchi ya Ubelgiji ya leo, kwa juhudi za mtawa Juliana. Na Urbano, kabla ya kuwa papa, alikuwa shemasi mkuu huko Liège. Picha na masimulizi ya Bolsena tuliyo nayo ni ya karne ya 14. Chombo cha fedha cha kuhifadhia kitambaa hicho, chenye michoro ya tukio zima, kilitengenezwa na sonara Ugolino di Vieri katika miaka ya 1337 na 1338.

Thomas wa Akwino naye aliishi Orvieto katika miaka hiyo ya Urbano. Katika sehemu ya tatu ya kitabu chake kikuu, aliyokuwa akiiandika mpaka karibu na kifo chake mwaka 1274, aliuliza swali lile lile ambalo mfasiri wetu alituletea bila kujua: inapoonekana nyama au mtoto katika sakramenti, je, ni mwili wa Kristo unaoonekana? Jibu lake huwashangaza wengi. Alisema kwamba mwili wa Kristo katika umbo lake wenyewe hauonekani hapo, kwa kuwa katika umbo hilo uko mbinguni. Pengine mabadiliko hutokea katika macho ya mtazamaji. Pengine, mahali ambapo nyama hudumu kwa muda mrefu, ni sifa za nje zilizobadilishwa kwa uwezo wa Mungu ili ziwe ishara. Kristo yumo, alisema, kama alivyokuwamo kabla ya mwujiza. Kwa maneno mengine, katika Misa ya kila siku dhati hubadilika na umbo hubaki. Katika mwujiza umbo hubadilika, na dhati haipati jambo jipya. Ni matukio mawili yaliyo kinyume cha mwenzake. Huwezi kuyapa kitenzi kimoja.

Si kila mtu alimsikiliza Thomas. Huko Wilsnack, kaskazini mwa Ujerumani, kanisa liliteketea kwa moto mwaka 1383, na hostia tatu zikasemekana kuokotwa majivuni zikiwa na damu. Mahujaji walimiminika kutoka nchi nyingi. Jan Hus wa Praha aliandika kupinga jambo hilo. Na mwaka 1451 Kardinali Nicholas wa Cusa, mjumbe wa papa, alipiga marufuku kuonyesha hostia za namna hiyo, kwa hoja kwamba mwili uliotukuzwa una damu isiyoonekana kabisa. Marufuku haikufua dafu. Mahujaji waliendelea kuja mpaka mhubiri wa Kilutheri alipozichoma hostia hizo mwaka 1552.

Lililo baya zaidi lilikuwa limekwisha kutokea. Maadamu watu waliamini kwamba hostia ni nyama inayotoka damu ikichomwa, ilikuwa rahisi kuamini kwamba yupo mtu anayeichoma. Mwaka 1290 mjini Paris Myahudi mmoja alishtakiwa kuwa ameitesa hostia, akachomwa moto. Mwaka 1298 shtaka kama hilo lilizuka katika mji wa Röttingen, na kundi lililoongozwa na mtu aitwaye Rintfleisch likawaua Wayahudi kwa maelfu katika miji na vijiji zaidi ya 100 vya kusini mwa Ujerumani. Huko Deggendorf, ambako Wayahudi waliuawa mwaka 1338, hija iliyojengwa juu ya shtaka hilo iliendelea mpaka askofu wa Regensburg alipoikomesha mwaka 1992. Jambo la kusikitisha ni kwamba mashtaka hayo yalipingana na theolojia ya Kanisa lenyewe lililoyavumilia. Kwani kwa mafundisho yake, anayeivunja hostia huvunja umbo tu, na mwili wa Kristo hauumizwi.

Kuhusu sababu za kimaumbile nitasema machache. Mwaka 1819 katika kijiji cha Legnaro, karibu na Padova, ugali wa mahindi wa wakulima ulianza kutokwa na madoa mekundu kama damu, na wenyeji wakashikwa na hofu ya shetani. Mtaalamu Bartolomeo Bizio aligundua kwamba chanzo ni kiumbe kidogo sana kinachoota juu ya vyakula vya wanga mahali penye joto na unyevu, akakiita Serratia. Tangu hapo wataalamu wengi wameona kwamba baadhi ya hostia zilizotoka damu zamani zilikuwa zimeota kiumbe hicho. Haielezi kila simulizi. Masalio ya Lanciano, Italia, ambayo mapokeo huyahesabu kuwa ya karne ya 8, yalichunguzwa na Profesa Odoardo Linoli, na mwaka 1971 alitoa taarifa kwamba ni msuli wa moyo wa binadamu na damu ya kundi la AB. Wanahistoria hujibu kwamba maandishi yanayoeleza asili ya masalio hayo ni ya karne nyingi baada ya tukio lenyewe. Maabara yaweza kutuambia kitu ni nini. Haiwezi kutuambia kilikuwa nini. Katika utaratibu uliotolewa na Vatikano mwezi Mei 2024 kuhusu mambo yanayodhaniwa kutoka kwa Mungu, maneno ya kawaida ya uamuzi wa kuyakubali si tena kwamba jambo limethibitishwa kuwa la kimungu, bali kwamba hakuna kizuizi cha waumini kulifuata. Huo nao ni uchaguzi wa istilahi.

Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16 yaliurudisha ugomvi kwenye sarufi. Luther aliikataa istilahi "transubstantiatio" mwaka 1520, lakini uwepo halisi hakuukana. Zwingli wa Zurich alishikilia kwamba katika maneno ya Yesu kiungo "ni" maana yake ni "huashiria". Walipokutana Marburg mwezi Oktoba 1529, Luther aliyaandika maneno hayo kwa chaki juu ya meza na akakataa kusogea. Waliafikiana katika vipengele 14; cha 15, kilichohusu Ekaristi, kikawatenganisha. Mtaguso wa Trento ulijibu mwaka 1551 kwamba istilahi ya Laterano inafaa sana. Lakini kwa sifa za nje ukatumia neno "species", mwonekano, na kuliacha neno la kifalsafa la Kiaristotle. Wajumbe walitaka kuifunga imani, si falsafa.

Laiti Luther na Zwingli wangalijadiliana kwa Kiswahili! Katika Kiyunani na Kilatini, neno la kuonyeshea katika kauli ya Yesu halipatani kijinsia na neno la mkate, bali na la mwili, na wanazuoni walibishana sana kuhusu kile kinachoonyeshwa. Kwetu mkate na mwili ni wa ngeli moja. "Huu" hutosha kwa vyote viwili. Divai na damu pia ni za ngeli moja. Lakini mfasiri wetu ana mtego mwingine: anaweza kuandika "ni" au "ndio". Anayechagua "ndio" amekwisha kukaza kauli, na amesogea upande wa Luther hata kama hakukusudia.

Ugomvi huu ulifika kwetu pia. Mwezi Juni 1913, wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, nchini Kenya, kutafuta umoja, na mwishoni maaskofu wa Kianglikana waliwashirikisha wajumbe wa madhehebu mengine katika meza ya Bwana. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki wenzake hao, Willis wa Uganda na Peel wa Mombasa, mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Hoja yake kuu ilihusu uaskofu na mamlaka ya kutoa sakramenti, lakini nyuma yake ilisimama imani yake kali katika uwepo halisi. Mwaka 1923 aliwaambia Waanglikana wenziwe jijini London kwamba haiwezekani kumwabudu Yesu katika tabernakulo na kumpuuza katika maskini wa mitaani. Athari za tofauti hizo zimo katika msamiati wetu mpaka leo: Wakatoliki husema Ekaristi, Misa na Komunyo, Waprotestanti hupendelea Ushirika Mtakatifu, Chakula cha Bwana au Meza ya Bwana. Mfasiri wa hati za serikali asidhani kuwa hayo ni visawe vya kubadilishana apendavyo.

Nitarejea sasa kwenye sentensi yetu. Kwa "species" hatuna shida. Wakatoliki wamezoea kusema maumbo ya mkate na divai, na neno hilo latosha. Kwa "substantia" tulipima maneno kadhaa. "Asili" limekwisha kushikwa na fundisho la asili mbili za Kristo, na "nafsi" na lile la Utatu. "Kiini" lilipendwa na wengi wa wenzangu, lakini kiini cha yai au cha kokwa ni sehemu ambayo ukipasua utaiona, ilhali fundisho hili lasema kwamba ukipasua huoni ila mkate. Wanafalsafa wa Kiarabu walitumia "jawhar". Neno hilo lilifika pwani yetu likiwa johari, tukapokea kito na kuiacha falsafa baharini. Limebaki "dhati". Walimu wa Kiislamu hulitumia wanapotofautisha dhati ya Mwenyezi Mungu na sifa zake, na hakuna Mswahili asiyelijua. Wakristo wawili katika kamati walisita kwa sababu hiyo hiyo. Niliwakumbusha kwamba "kanisa" lenyewe ni neno la Kiarabu.

Kwa "transubstantiatio", Wakatoliki hutumia "mageuzo", na neno lililokwisha kuzoeleka ibadani halifai kung'olewa. Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1965 kuhusu Ekaristi, aliwakanya wanateolojia waliotaka kuzibadili istilahi za kale kwa mpya. Tulipendekeza liongezewe sifa: mageuzo ya dhati. Kwa mwujiza, tulipendekeza kitenzi kingine kabisa: hostia ilionekana kuwa nyama, au umbo lilibadilika. Kuhusu uwepo halisi, wapo waliotaka "kumo", kutokana na "yumo". Lakini "mo" huhitaji chombo na kitu kilichomo ndani yake, na Thomas alikana kwamba Kristo yumo katika sakramenti kama kitu kilivyo mahali. "Po" haidai chombo, nayo "uwepo" imekwisha kuzoeleka.

Mfasiri alipelekewa majibu haya katika ukurasa mmoja. Akaandika upya: Mtaguso wa Laterano ulifundisha kwamba dhati ya mkate hugeuzwa kuwa mwili wa Kristo, huku umbo la mkate likibaki, na kuhusu Bolsena, kwamba yasimuliwa damu ilionekana juu ya korporale. Yule mwalimu aliridhika. Msomaji wa pili aliuliza kwa nini sentensi imekuwa ndefu hivyo. Pendekezo la "mageuzo ya dhati" bado liko mbele ya kamati, na wasomaji wenye neno bora zaidi wanaombwa kutuandikia.